Jiwe la Maji la Makwasinyi

Harufu ya jiwe lililoloa, ya udongo na majani makuukuu, ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, katika miaka ya sabini, wakati wa ukame, na mama alikuwa amenitoa Voi akanipeleka likizo kwa shangazi Wakesho, kule Makwasinyi chini ya mlima Kasigau. Juu ya shamba lake palikuwa na jiwe kubwa kuliko kanisa letu. Mvua na upepo vilikuwa vimelitafuna tangu dunia iumbwe, vikaliachia matao, matundu, na tumbo lililobonyea kama bakuli, ambamo maji yalidondoka tone tone hata kiangazi. Loo, jiwe lile lilikuwa zuri! Nilipoliona mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo.

Maji yale yalitekwa kwa kibuyu tu. Chombo chenye masizi kilikuwa mwiko, kwani wazee walisema maji yakiona masizi hukimbia. Mimi, mtoto wa mjini, mjuaji kupindukia, asubuhi moja niliwatangulia watu na sufuria iliyotoka mekoni, nikaitumbukiza nzima. Masizi yakatanda juu ya maji. Siku ya tatu matone yakakoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mimi nilikuja nikawatia wenyeji kiu.

Akina mama wote wakaitwa jiweni. Bibi Mghoi, aliyesimamia zamu za kuteka, akauliza ni nani aliyeleta masizi. Shangazi alinitazama, akalitazama gauni langu lililokuwa bado na doa la masizi, kisha akasogea mbele.

“Ni mimi, mama,” akasema. “Nilikuwa na haraka.”

Aliamriwa alisugue bakuli lile kwa mchanga, na zamu yake ikafutwa msimu mzima. Matone yalirudi baada ya wiki moja, lakini yeye, na mtoto mchanga mgongoni, aliendelea kufuata maji mbali bondeni kila alfajiri. Hakunikemea hata mara moja. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda.

Mwaka jana nilipanda tena. Siku hizi maji yanafika kijijini kwa bomba, na jiwe halina foleni. Nililishangaa vilevile, mdomo wazi, mtu mzima mimi. Shangazi alishafariki, na sikuwahi kumwambia asante. Nimelea watoto wanne. Kila walipokosea, mimi mama yao ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwataja mbele za watu.