Mluzi Uliowanyamazisha Ng'ombe wa Mzenga

Niliondoka Kongowe kwenda kutafuta mbuzi jike wa maziwa. Mama alikuwa ametoka kuugua, na jirani alituambia kwamba kwenye maonyesho ya wafugaji na mafundi kule Mzenga, Kisarawe, wangekuwepo wazuri.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Mlandizi, nikapanda pikipiki. Dereva alipiga soga mpaka tulipoingia kwenye mikorosho. Ukungu ulikuwa bado chini. Sikusikia hata ndege.

Saa nne tulifika. Kwenye uwanja walikuwepo wafinyanzi, wachonga vinu na wasusi wa mikeka, na pembeni zizi la fito lenye ng'ombe waliokuwa wakilia mfululizo. Nilikuwa nimeinama napapasa kiwele cha mbuzi mmoja niliposikia mluzi. Mirefu miwili, kisha mfupi uliokatika ghafla.

Zizi zima likanyamaza. Ng'ombe wote wakageuza vichwa upande mmoja.

Ule ulikuwa mluzi wa baba yangu. Alikuwa mchunga ng'ombe wa watu. Nilipokuwa darasa la sita alikwenda kuswaga ng'ombe wa tajiri mmoja, asirudi. Mama aliamini kwamba ameoa kwingine, nami nikakua nikimchukia.

Ng'ombe walikuwa wakimtazama bibi mmoja aliyekuwa akisuka mkeka wa ukindu. Nikamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Huo mluzi umejifunza wapi?"

Mikono yake ikasimama. "Nimepiga tena? Huwa sijui. Unanitoka tu."

Akanieleza, macho yakiwa kwenye mkeka. Miaka mingi iliyopita mgeni mwenye homa kali aliangukia mlangoni kwake. Siku nne alilala barazani akiwaita kwa mluzi ng'ombe ambao bibi na mumewe hawakuwaona.

"Jina hakusema. Neno tulilolishika ni moja tu, Kongowe, anataka kurudi Kongowe. Marehemu mume wangu akaenda Kongowe ya Mbagala, akauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemjua. Kurudi, mgeni keshafariki."

"Sisi ni wa Kongowe ya Kibaha," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama, kwa muda mrefu. "Masikio ni yale yale," akasema.

Saa nane alinipeleka kaburini, kwenye mikorosho nyuma ya nyumba yake. Ardhi iliyolizunguka ilikuwa imekanyagwa na kwato, haina jani.

"Ng'ombe wa watu wakipita hapa husimama," akasema. "Tumechoka kuwafukuza. Tulimzika Kiislamu, mwanangu, hatukujua dini yake. Mtusamehe."

Nikapiga magoti. Nyuma yangu kitu kikashusha pumzi nzito, pumzi ya ng'ombe. Nikasikia joto lake shingoni. Nikageuka. Hapakuwa na kitu. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, na hakuniuliza nimesikia nini.

Jua linazama nilikuwa nyumbani, mikono mitupu. Nilimsimulia mama yote. Safari ile ilinifundisha jinsi tulivyomkasirikia miaka yote mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuzidiwa njiani.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi?" mama akauliza.

"Alikuwa anarudi, mama."

Hakulia. Aliuliza kama pale alipolala pana kivuli. Nikamwambia kipo.

"Basi kesho unipeleke," akasema. "Nikamwombe radhi."