Mahema yetu yanakwenda Dar, sisi tuko Guangzhou

Leo nimemwita mtu mwizi mbele ya wakazi wa jengo zima.

Kesho mimi na wenzangu tunaanza safari ya kayaki, vile vimtumbwi vya kupiga kasia, siku tatu mtoni, maji ya taratibu tu, usiku tunalala kwenye mahema. Mimi ndiye niliyejifanya bingwa wa kupanga.

Jana nikayafunga mahema yote manne. Nikayabana, nikayazungushia selotepu, nikaandika kwa maka pen: SALUM, DAR. Nikayaacha mlangoni.

Mkono umezoea, jamani! Miaka sita nafunga marobota ya nguo za kutuma Dar hivyo hivyo.

Asubuhi hayapo. Nikamvaa Mzee Chen, mlinzi wetu: "Umeyapeleka wapi, mwizi wewe?" Majirani wakatoka. Mzee akainamisha kichwa.

Simu ikaita. Ajenti wangu wa mizigo: "Kaka Salum, marobota yako manne nimepita kuyachukua. Yameshaingia kwenye kontena, bandarini Huangpu."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaomba radhi kwa Kichina changu cha sokoni. Mzee akaingia kibandani kwake, akatoka na hema lake dogo, lile analokwenda nalo kuvua samaki. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kesho mvua," akasema.

Hebu niambieni, ndugu zangu, humo nitapataje usingizi?