Nilivyosindikizwa Uwanja wa Ndege Bila Safari

Mkasa huu mamangu hapendi niusimulie, maana nilimfanya mgonjwa bila yeye kujua, lakini wacha niseme tu, aibu ikishazeeka haiumi sana.

Nilikuwa Juba kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo, miaka ile baada ya amani kusainiwa, nikikaa mtaa wa Malakia kwa Mama Nyandeng, aliyekimbilia Eldoret wakati wa vita akakaa huko mpaka Kiswahili chake kikashinda changu. Alinipenda kama bintiye. Shida ilikuwa joto (Juba unalala mbichi, unaamka umeiva), na Mkenya mwenzangu, Baba Brian, wa mizigo pale uwanja wa ndege, akaniambia kwao kuna chumba, kuna jenereta, kuna feni. Feni, jamani. Sasa utamwambiaje mama aliyekuachia kitanda chake kwamba unamhama kwa sababu ya feni? Nikadanganya. Nikasema mamangu anaumwa, naitwa nyumbani.

Nilidhani atasema pole, nami nijiondokee na begi langu kimya kimya. Kumbe kwa Mama Nyandeng mgonjwa haombewi na mtu mmoja. Asubuhi nikakuta akina mama wa kanisa wamejaa uani na ngoma, wakaomba mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumwonea mamangu huruma, wakanipa samaki mkavu na simsim ya kusaga ya kumrudishia nguvu, kisha wakakodi pikapu, wote wanisindikize uwanja wa ndege. Nililia njia nzima (kwa woga), wao wakaona ni uchungu wa mtoto, wakazidisha nyimbo.

Mpango wangu ulikuwa niingie ndani, wakiondoka nitoke.

"Hatuondoki mpaka ndege iruke," Mama Nyandeng akasema.

Na askari mlangoni naye: "Tikiti iko wapi?"

Nikawa napekua mkoba, natoa kitana, natoa leso, narudisha kitana, na hapo ndipo Baba Brian alipotokea upande wa mizigo, zamu imeisha, anatabasamu.

"Ah, umenifuata huku? Twende basi, Mama Brian amepika chapati, na feni nimeshakufungia."

Nyimbo zikakatika. Mama Nyandeng akanigeukia. "Na mama yako?"

"Ni mzima," nikasema, natamani ardhi inimeze na begi langu.

Akawaambia wenzake, "Mungu ashukuriwe, amepona." Basi wakaanza nyimbo za shukrani, wakanipakia tena kwenye pikapu na kunipeleka wenyewe kwa Baba Brian, ambako chapati ziliisha kabla sijaonja.

Mama Nyandeng hakula. Alikaa katika chumba changu kipya, juu ya kitanda, feni ikimpepea.

"Malesh, mama," nikamwambia. "Nisamehe."

"Ungeniambia tu ukweli," akasema, macho yake juu kwenye feni. "Hata mimi naungua kule. Tungehama wote."

Wenzake wakacheka sana. Mimi sikuweza, kwa sababu yeye alikuwa anafuta machozi. Tangu hapo nikihama nasema nahama, na sababu naitaja, hata ikiwa ni feni.