Moshi wa Jaa Nyuma ya Nyumba

Wamechoma tena plastiki jaani. Moshi umeingia mpaka ndani ya chandarua, mwanangu anakohoa, na harufu hii naijua tangu utotoni.

Mdogo wangu alikuwa hivihivi, mbavu zikiingia ndani, kifua kikipiga mluzi. Moshi ulitoka jaa hilihili, lakini bibi alisema ni jicho la watu. Akawasha chetezo, akatia ubani, akamfunika mtoto kwa leso ili auvute vizuri. Moshi juu ya moshi!

"Bibi, hapumui!" nikalia.

"Nyamaa we! Jicho latoka hilo."

Mama aliingia, akaivuta leso, akambeba mtoto mbio. Kichochoroni tukakutana na mchomaji taka, kiberiti mkononi, akicheka.

"Mbio za nini, Bi? Moshi huu wafukuza mbu tu."

Mama akamtupia mtoto kifuani. "Mshike, Bwana. Kisha niambie kama huyu ni mbu."

Alimshika. Akausikia ule mluzi, kicheko kikamkauka.

Tulimpeleka mtoto ufuoni kwenye upepo mpaka midomo ikarudia rangi yake. Moto ulizimwa siku ile.

Siku ile tu.