Sakafu Nyekundu ya Mama Bénie

Nyumba ya Virginie ilikuwa imeshasimama pale mtaa wa Kasungami, kuta na paa, na kila aliyepita barabarani alimpa hongera. Virginie alizipokea, lakini moyoni alijua hongera za njiani hazitoshi. Bintiye Bénie alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa wameshataja Jumamosi ya kuleta mahari. Maisha yake yote Bénie alikulia nyumba za kupanga kule Naviundu, ambako mama yake aliuza unga wa mahindi sokoni. Virginie alikuwa ameapa kwamba wakwe wa mtoto wake hawatapokewa kwenye uwanja wa mwenye nyumba, majirani wakikatiza na ndoo zao za maji katikati ya maneno ya watu wazima. Watapokewa kwake, sebuleni kwake, wakae na waone.

Tabu ilikuwa hapo kwenye kuona, maana chini kulikuwa bado vumbi tupu.

Mjenzi wake aliitwa Alphonse. Kwa kuta, mtu huyu hana wa kumgusa Kasungami nzima, na asiyekubali akaziangalie. Ila kazi ikifika kwenye mapambo, Alphonse anageuka mtu mwingine. Kuta anauza kwa bei ya haki, mapambo anauza kwa bei ya harusi. Na kila pambo analiita kwa jina moja tu la Kifaransa, lenye maana ya nyongeza ya kulipia.

“Mama Bénie, nguzo mbili pa barza, iko supplément,” alisema, akizunguka ndani na kalamu yake sikioni. “Plafond, dari ya gypse, supplément. Sasa carreaux ya salon, ile ndo mambo yenyewe.”

“Na ile mambo yenyewe, iko bei gani?”

Alphonse aliinua macho kuangalia paa, kama mtu asiyehusika kabisa, kisha akataja bei ya vigae hivyo kwa dola. Pesa hizo zingefungua meza ya pili ya unga sokoni.

“Papa Alphonse, unaweka carreaux ao unaweka zahabu?”

“Mama, bantu ya leo banaangalia chini. Bakwe bakikuta simenti tupu, batasema nyumba haiyaisha.”

Neno hilo lilimchoma. Miaka aliyokaa nyuma ya gunia la unga, mavumbi meupe mpaka kwenye kope, halafu wageni waje waseme nyumba haijaisha! Alimkasirikia Alphonse, akajikasirikia na yeye mwenyewe, kwa sababu aliogopa kwamba jamaa anasema kweli.

Kesho yake sokoni alipima unga bila kusikia hata wateja wanamwambia nini. Mawazo yalikuwa yamemrudisha kwenye kambi ya reli alikozaliwa. Baba yake alitoka Kabalo akafanya kazi kwenye treni, na kampuni ikampa nyumba ya vyumba viwili. Sakafu yake ilikuwa ya simenti nyekundu, na mama yake aliisugua mpaka watoto walijiona nyuso wakiinama. Siku baba alipostaafu, nyumba ilibidi irudishwe. Vitu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye mkokoteni, watu wanangoja, mama bado yuko ndani amepiga magoti, anasugua. Alimaliza, akafunga mlango, ndipo akatoa ufunguo. Nyumba haikuwa yake, lakini sakafu ile hakuna aliyeweza kumwambia si yake.

Virginie alifunga gunia kabla jua halijageuka, akaenda moja kwa moja kwa Alphonse.

“Mwaga simenti, ulainishe vizuri, halafu utoke. Ile tu. Ingine ntafanya miye.”

Alphonse alipoelewa kwamba anataka sakafu nyekundu, alicheka mpaka kalamu ikaanguka. “Rouge? Mama, ile ni mambo ya bazee ya kambi!”

“Miye niko mutoto ya kambi,” alisema Virginie, naye hakucheka.

Alphonse alimwaga simenti, akailainisha kwa mwiko, akalipwa kazi yake, akakaa pembeni kungoja aibu ya watu. Simenti ikiwa bado mbichi, Virginie alinyunyiza unga wa rangi nyekundu uliochanganywa na simenti kavu, mkono wake ukitawanya kidogo kidogo jinsi alivyomwona mama yake. Alilainisha tena, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kisha akafunika yote kwa magunia yaliyoloweshwa, yeye na Bénie wakawa wanayamwagia maji kila siku ili simenti isipasuke.

Walipoyafunua, Bénie alitaka kulia. Sakafu ilikuwa imefifia, rangi ya tofali lililoanguka njiani.

“Mama, iko sawa na vumbi. Na bakwe banakuya Jumamosi!”

“Haiyakula cirage,” alisema Virginie. “Lete ile blanketi ya zamani.”

Walipaka cirage, yaani nta nyekundu, wakakanyaga vipande vya blanketi, wakaanza kusugua kwa miguu, huku na huku, kama watu wanaocheza muziki bila muziki. Walipaka tena, wakasugua tena, miguu ikawaka moto. Hapo sakafu ilianza kuamka. Kona ya dirishani iling'aa kwanza, halafu katikati, na mwisho Bénie aliinama akajiona uso. Alicheka kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini.

Jumamosi wakwe walifika wamevaa vizuri. Mbele alikuwa mzee Clément, baba wa mchumba, mtoto wa mfanyakazi wa migodi, naye aliyekulia kambini. Alifika kizingitini akasimama. Alitazama chini, na waliomfuata wakasimama nyuma yake. Sasa atasema haijaisha, aliwaza.

Mzee Clément aliinama, akavua viatu.

“Mama yetu alikuwa anatupiga kama tunapita na biatu pa rouge yake,” alisema. “Nani alifanya hii?”

“Miye, muzee. Miye na huyu mutoto munakuya kuchukua.”

Mzee alimwangalia Bénie, akaangalia sakafu, akawageukia watu wake. “Mutoe biatu, bote.”

Viatu vya wakwe vikapangwa barazani, jozi kwa jozi, na Virginie alivitazama kwa fahari ambayo hakuificha. Kwa nini aifiche? Alikuwa nyumbani kwake.

Maneno ya mahari yalikwisha vizuri, watu wakawa wanakula. Ndipo Alphonse, ambaye naye alikuwa amealikwa na kuvua viatu kama wengine, akamsogelea mwenye nyumba taratibu.

“Mama Bénie, niko na client moja mu muji. Nilimuelezea rouge yako, hataki tena carreaux. Anataka sawa na ile. Unaweza kumufanyia?”

Virginie aliinua macho kuangalia paa, kama mtu asiyehusika kabisa.

“Naweza,” alisema. “Lakini ile, papa Alphonse, iko supplément.”