Kabureta ya Nyuma Haipumui

Nisipoandika haya mwenyewe, binamu zangu wataendelea kuyasimulia vile wanavyotaka (tayari kuna mmoja anayesema nililia, na sikulia, lilikuwa jasho), kwa hivyo acha nikiri: ni mimi niliyezima gari la Bwana Harish katikati ya soko la Ekerenyo, bibi harusi akiwa ndani.

Bwana Harish ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na shangazi yangu amemfanyia kazi miaka mingi. Gari lake ni la spoti, jekundu, la viti viwili, alilorithi kwa marehemu baba yake, na lina kabureta mbili, yaani vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli. Baba yangu, ambaye ana gereji Kiogoro, husema kabureta mbili ni kama ng'ombe wawili wa kulima, mmoja akivuta kuliko mwenzake jembe linakwenda kando. Bwana Harish alikuwa akilipeleka kwa mafundi wa Nairobi kila mara, hadi baba akamsihi amwachie ajaribu. Akakubali, kwa sharti moja. Gari lingembeba Kemunto, binti ya shangazi, kwenda kanisani siku ya harusi yake, na likipanda kilima cha soko bila kukohoa, baba ndiye fundi wake. Likikohoa, linarudi Nairobi.

Baba akazisawazisha kwa njia yake ya kuweka mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, na kugeuza skrubu mpaka zote mbili zipumue sauti moja. Mimi ndiye humsikilizia, maana masikio yake yamechoshwa na nyundo. (Ni kazi nzuri kwa mtu wa haya kama mimi. Ukiwa na mpira sikioni hakuna anayekuongelesha.)

Siku ya harusi gari lilifika kwa shangazi likiimba, ila limejaa tope. Wakati wa kuliosha baba akafungua vichujio vya hewa, akaniambia nizibe midomo ya kabureta kwa vitambaa safi maji yasiingie. Sasa, vitambaa vilikuwa jikoni, na jikoni kulikuwa na wanawake wa ukoo mzima wakimenya ndizi, na nilijua nikiingia tu wataniuliza niko kidato cha ngapi, mbona nimekonda hivi, na kama mimi pia nimeshapata wa kwangu kama Kemunto, kwa hivyo nikafanya uamuzi mdogo sana: nikatoa soksi zangu za shule kwenye begi (nilikuwa nimetoka bweni moja kwa moja kwa likizo fupi), nikazikunja, moja mbele, moja nyuma. Zikatosha kana kwamba zilishonwa kwa kazi hiyo.

Tulipomaliza kuosha nikaitoa ya mbele, nikaitia mfukoni, na kabla sijaigusa ya nyuma shangazi akaniita nikamshikie Kemunto shela apigwe picha. Niliporudi kwaya ilishaanza kuimba, nikarudishia vichujio vyote viwili haraka haraka, nikafunga boneti.

Bwana Harish akaendesha, Kemunto kando yake, sisi nyuma kwa miguu tukiimba. Gari lilianza kutetemeka mapema, na kufika sokoni, hapo kilima kinapoanza, likatoa moshi mweusi, likalia kama bunduki, likazima. Vijana wa boda boda wakajaa. Mmoja akauliza, "Mzee, hii ni gari ama ni mashine ya kusaga?"

Bwana Harish hakucheka. Alimtazama baba na kusema kwa upole (afadhali angefoka), "Fundi, Nairobi haikuwa hivi."

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya maishani, nikasema mbele za watu. Nilichukua mpira wa baba, na Bwana Harish alipojaribu kuwasha tena nikasikiliza kwenye matundu ya vichujio, nikainua kichwa, na kwa Kiswahili, ili Bwana Harish asikie, nikatangaza, "Ya nyuma haipumui."

Mzee mmoja akasema mtoto amesoma huyu. Jamani, sifa ni tamu, na badala ya kuishia hapo nikaongeza, "Ni skrubu," jambo ambalo sikuwa na ushahidi nalo hata kidogo. Baba akageuza. "Bado," nikasema kama daktari. Mjomba wa bwana harusi, aliyewahi kuendesha trekta, akageuza yake. Kijana wa boda boda akageuza, tena ile ya mbele iliyokuwa nzima. "Bado." Kutoka kanisani likaja neno kwamba mchungaji ana harusi nyingine baada yetu. Kemunto akavua viatu, akafunga shela kiunoni, akapanda boda boda, akaenda bila kunitazama.

Ndipo Bwana Harish akafungua kichujio cha nyuma mwenyewe, akaingiza vidole viwili, akavuta. Ilitoka polepole kama utumbo wa mbuzi, ndefu, ya kijivu, imelowa petroli. Bwenini kwetu kila nguo huandikwa jina kwa wino usiofutika. Akaitandaza juu ya boneti, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Moraa. Kidato cha pili." Kisha akauliza, "Moraa ni nani?"

Nilikuwa bado na mpira sikioni.

Baba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ya pili iko wapi?" na mimi, mtoto mtiifu, nikaitoa mfukoni. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Nyamira mjini.

Skrubu zilikuwa zimezungushwa hovyo kiasi kwamba gari lilivutwa kwa kamba mpaka mjini, na Bwana Harish akaondoka bila kusema kama baba bado ni fundi wake. Baba hakutaja jambo hilo, na kutotaja kwake ndiko kulikoninyima usingizi muhula mzima, mimi na soksi moja inayonuka petroli. Niliapa kwamba siku nyingine nitaingia jikoni, nitajibu kila swali, hata la mume, na nitatoka na kitambaa.

Shule zilipofungwa nikafika Kiogoro na begi mgongoni, na gari jekundu lilikuwa mbele ya gereji, boneti wazi. Bwana Harish aliniona kabla sijapata pa kujificha.

"Sikio lilisema kweli," akamwambia baba. "Ya nyuma ilikuwa haipumui. Mpe mpira."

Nikainama kusikiliza. Bwana Harish akaketi kwenye usukani, lakini kabla ya kuwasha alishuka kwenye gari, akaja upande wangu, akaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Akarudi kwenye kiti, akawasha.