Kikombe cha Bluu cha Mlisha Nyani

Miaka ya elfu mbili nilikuwa nalisha nyani katika kituo kimoja cha utafiti, mbele ya Dagoretti Corner. Watafiti walipanga kuwatumia kuchunguza virusi vya homa ya ini. Jirani yangu wa mtaa wa Woodley, mama ambaye nilikunywa chai kwake kila Jumapili, aliposikia hivyo alinitengea kikombe changu cha plastiki, cha bluu.

"Si ubaya," aliniambia. "Lakini hao nyani wako na magonjwa, na mimi niko na watoto."

Nilikasirika sana. Lakini chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha, kwa hivyo nilikunywa.

Siku moja daktari wa kituo alitaka nyani ambao damu yao haijawahi kukutana na virusi hivyo. Akawapima wote, kisha akatupima na sisi wafanyakazi, tusije tukawaambukiza. Nyani walitoka safi. Sisi wote, damu ilionyesha tuliugua utotoni, pengine kwa maji machafu, tukapona bila hata kujua.

"Hata majirani zenu nikiwapima, ni hivyo hivyo," daktari akasema.

Jumapili nilimwaga habari hiyo mezani kwa raha zangu. Jirani alitazama kikombe changu, akatazama chake. Nilingoja aniombe msamaha. Wapi! Aliinuka akaniletea mfuko wa ndizi, niwapelekee nyani.

"Lakini uzioshe kwanza," akasema. "Nimezishika mimi."